Mlango Uliopakwa Rangi

WEKESA: Tumerudi tena, moja kwa moja kutoka Kisumu. Mama Ochi, umeingia humu kimya. Si kawaida yako.

ACHIENG': Omera, Jumanne nilimpeleka Ochi kliniki ya sikoseli, ule ugonjwa wake wa damu wa kurithi. Nesi akampima kimo, sentimita 121. Nafungua kijitabu, Februari waliandika 123. Mtoto wa miaka tisa anarudi nyuma?

WEKESA: Mtoto harudi nyuma.

ACHIENG': Ndipo nikakumbuka: Februari alipimwa na viatu vya shule, vile vya soli nene. Kumbe kwenye kile kijitabu sijui niamini nambari gani. Na swali langu ni lilelile tangu akiwa na miaka mitano. Kwa nini binamu yake wa miaka saba anampita?

WEKESA: Si una alama zako za kimo chake pale mlangoni? Wasikilizaji wanaujua mlango huo kuliko wanavyonijua mimi.

ACHIENG': Mwenye nyumba ameupaka rangi.

WEKESA: Mlango wetu?

ACHIENG': Kahawia, juu hadi chini. Nilikuwa nimeenda soko la Kibuye. Narudi, alama za miaka minne hazipo. Nilisimama pale na kikapu kichwani nikalia.

WEKESA: Pole sana, dada. Lakini ngoja. Ulikuwa unaweka alama kwa kalamu au kwa kisu?

ACHIENG': Unauliza hilo kwa nini?

WEKESA: Kwa sababu rangi hufunika wino. Mkato wa kisu haiufuniki.

ACHIENG': Sasa unafikiri kama Ochi! Usiku huo alikataa kulala. Akazima taa, akashika tochi ya simu, akaumulika mlango kutoka ubavuni, akaanza kupapasa mbao kwa kidole. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa kalamu, imekwenda. Lakini alipofikisha miaka minane alidai kisu, na mwaka huu tena kisu. Alipata mikato yote miwili.

WEKESA: Huyo mtoto!

ACHIENG': Akapiga kelele hadi jirani akagonga.

WEKESA: Na katikati ya mikato kuna kiasi gani?

ACHIENG': Sentimita nne.

WEKESA: Kutoka Agosti hadi Agosti?

ACHIENG': Mwaka mzima. Bila viatu, visigino ukutani, kamusi juu ya kichwa.

WEKESA: Kamusi ni sawa. Kwetu Bungoma tulitumia mfuniko wa sufuria, ukiinama kidogo mtoto anapata kimo cha bure. Lakini nne ni kidogo, Mama Ochi. Mtoto wa umri huo huongeza kama tano au sita kwa mwaka.

ACHIENG': Najua. Na sababu naijua pia. Chembe nyekundu za damu yako zinaishi kama siku 120. Za Ochi ni siku 10 hadi 20. Uboho wake unatengeneza damu usiku na mchana, hivyo chakula kilichopaswa kumrefusha kinaishia huko. Sikuambiwa hivyo tangu mwanzo. Nimepitia dawa za minyoo, omena asubuhi na jioni, miti shamba, na mama mkwe akisema ufupi umetoka kwetu. Sikoseli lazima itoke kwa baba na mama wote wawili! Sasa nina jibu. Acha nipumzike nalo.

WEKESA: Hapo ndipo sikubaliani nawe.

ACHIENG': Nilijua.

WEKESA: Unamjua mtoto wa dada yangu, mwenye Down syndrome, ile hali ya kuzaliwa nayo. Kila tukiuliza mbona haongezeki, tunaambiwa watoto hawa ndivyo walivyo. Na ni kweli huwa wafupi, wana hata chati zao za ukuaji. Miaka miwili tukakaa na jibu hilo. Siku moja daktari mwingine akapima damu, kumbe tezi ya shingo imelegea, yaani inafanya kazi polepole, jambo la kawaida sana kwao. Akapewa kidonge, akaanza kupanda. Jibu la kweli lilikuwa limeziba jibu la pili. Sikoseli isikujibie kila swali.

ACHIENG': Ochi si Down syndrome.

WEKESA: Sisemi hivyo. Nasema pima tezi mara moja.

ACHIENG': Mara moja kwako wewe. Mkono ni wa Ochi. Mishipa yake nesi huitafuta nusu saa. Daktari alishampiga picha ya eksirei ya mkono wa kushoto, mifupa yake ni ya mtoto mdogo kuliko miaka yake. Maana yake nafasi ya kukua bado ipo. Wengi wenye sikoseli hubalehe wakiwa wamechelewa, kisha wanaongezeka.

WEKESA: Tezi ikilegea pia mifupa huchelewa. Picha hiyo haijamaliza swali.

ACHIENG': (kimya) Kila ninapotafuta sababu mpya, Ochi anasikia kwamba ana kasoro mpya. Juzi kaniuliza, "Mama, leo wanatafuta nini kingine?"

WEKESA: Hilo nalisikia. Bado ningepima.

ACHIENG': Na mimi bado sipimi. Si mwaka huu.

WEKESA: Haya. Tulikuwa tumeandaa mambo matatu ya kuwaambia wazazi, na naona zimebaki dakika mbili.

ACHIENG': La kwanza wameshalipata, vua viatu. Mengine wiki ijayo.

WEKESA: Basi turudi kwa mlango. Siku ukihama utauacha pale?

ACHIENG': Nifanyeje, niung'oe?

WEKESA: Jumamosi nakuletea ubao. Tunahamisha ile mikato miwili, kisha unahama nao popote.

ACHIENG': Ubao wa nini?

WEKESA: Saiprasi.

ACHIENG': Saiprasi itapinda, Wekesa. Ikipinda, Ochi atarudi nyuma tena.

WEKESA: Basi mvule.

ACHIENG': Unajua bei ya mvule wewe?

WEKESA: Nina fundi pale Kondele, ngoja nimpigie tukitoka...