Treni Ikiondoka, Njia Ibaki

Wazee shikamooni. Vijana mliokaa nyuma, hamjambo?

Nianze na uchochoro. Mtaani kwangu hapa Mbeya tulikuwa na kinjia cha kutokea barabara kubwa. Jirani akajenga ukuta, akameza hatua nane tu. Siku tulipofiwa, jeneza likazungushwa mtaa mzima, wabebaji matope hadi magotini. Sehemu nyingine yote ya kinjia ilikuwepo, ila hapakuwa tena na pa kupita.

Tuta la reli iliyokufa huliwa hivyohivyo. Waingereza walijenga reli ya Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Karanga zikagoma, na 1962 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Leo tunaitaka reli nyingine, Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. (TAZARA, reli yetu ya kwenda Zambia, siitabirii kifo, msininukuu vibaya!)

Marekani walishaumwa na nyoka huyu. Mwaka 1983 Kongresi iliongeza kifungu kwenye sheria ya njia za taifa ya 1968: kampuni ikiacha kuendesha treni, inaweza kuikabidhi njia kwa serikali ya mtaa au asasi. Watu watembee, wapite na baiskeli, lakini kisheria reli haihesabiwi kuwa imetelekezwa. Treni ikihitajika, inarudi. Familia moja ya Vermont ikaenda mahakamani: reli ilipewa haki ya kupita tu, imeondoka, ardhi yetu irudi. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ikasema sheria ni halali, ila mlango wa kudai fidia ukabaki wazi.

Kwetu ugomvi ule ni mwepesi zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Mimi naogopa mchora ramani, anayekata viwanja juu ya tuta, kimoja leo, kimoja mwakani.

Kwa hiyo naomba kifungu kimoja cha sheria: treni ikisimama, ukanda wake ubaki hifadhi ya reli, usimegwe hata kiwanja, na anayelima maharage au kupita na bodaboda aandikiwe mapema kwamba treni ikirudi atapisha.

Sasa, nani atafyeka nyasi, na kwa fedha za mfuko upi? Mzee pale mbele ameshanyoosha mkono. Karibu, mzee wangu.