Mtandamboo na msunguti: shikeni mwiba kwanza

Mliocheka jina la mtandamboo, kichaka chenye miiba na matunda matamu, chekeni mmalize. Ndilo jina lake la Kiswahili. Wakikuyu wanauita mukawa, Wajaluo ochuoga, Wamaasai olamuriaki. Kitaalamu ni Carissa spinarum, ambao vitabu vya zamani viliuandika Carissa edulis.

Utamu wa tunda hauhitaji mwalimu, kwa hiyo naanza na hatari. Vichakani na kando ya misitu hiyohiyo huota msunguti, wa ukoo mmoja na mtandamboo. Yote miwili ina majani magumu yanayotazamana mawilimawili, utomvu mweupe, maua yanayonukia vizuri, na tunda dogo linaloiva likawa zambarau iliyokolea. Lakini msunguti ndio ambao Wagiriama na Wakamba waliuchemsha kupata sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo.

Mwiba ndio unaoamua. Mtandamboo una miiba migumu iliyonyooka, mirefu hata sentimita 5. Msunguti hauna kabisa. Na kagueni tawi lenyewe lililobeba tunda, msikague kichaka kwa jumla, maana matawi ya miti hii yanaweza kuingiliana. Tawi halina mwiba? Liacheni. Ipo mitandamboo michache isiyo na miiba, ni kweli, lakini hapo mmekosa matunda tu.

Lililoiva ni jeusi la zambarau, linabonyea kidogo, na ukilizungusha linaachia bila kuvutwa. Likigoma na kuchuruza maziwa, ni bichi: litakunata midomoni na uchungu juu. Kichaka hakiivishi matunda yote pamoja, kwa hiyo rudini baada ya siku chache. Tumieni ungo au kikapu kifupi. Kwenye ndoo, matunda ya chini hupasuka na kuanza kuchacha.

Mkitaka kuupanda uwe ua wa kuzungushia boma, toeni mbegu kwenye tunda lililoiva, zioshwe nyama yote iishe, zianikwe kivulini, zipandwe zingali mpya. Miche ikipata nguvu, iachanisheni kama nusu mita. Izungushieni matawi makavu ya miiba, kwani mbuzi huila kabla miiba yake haijakomaa.

Wengi hulalamika kwamba ua wao hauzai. Kosa ni la panga. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, na anayenyoosha ua kila mwezi anazikata zote. Pogoeni mara moja, baada tu ya mavuno.