Usiseme upele tu: namna ya kuitazama ngozi na kuitaja kwa jina lake

Assalaam alaikum. Karibuni barazani kwangu, hapa Chake Chake. Leo tukae pamoja nikuonyesheni namna ya kuitazama ngozi iliyoharibika na kumweleza daktari ulichokiona, hata kama daktari yuko Unguja nawe uko Micheweni na baina yenu ipo simu tu.

Nimefanya uuguzi miaka mingi hapa Pemba, na neno ninalolisikia kila siku ni "upele". Mtoto ana harara, wanasema upele. Ana choa, upele. Katokwa na tetekuwanga, upele. Lugha yetu ina jina kwa kila kimoja, na kila kimoja kina dawa yake.

Mwana wa dada yangu liliwahi kumtesa neno hili. Bibi yake alipiga simu Unguja akasema, "Mtoto kaota upele mgongoni." Baba mtu akenda duka la dawa, akanunua benzili benzoeti, ile dawa nyeupe ya maji ya kuulia upele, akaituma kwa boti. Mtoto akapakwa tangu shingoni hadi nyayoni siku tatu, analia kwa mchomo. Nilipokuja kumvua shati nikakuta choa, kimoja tu, cha mviringo. Mpaka hapo kilikuwa kimeshapanda begani, na wadogo zake wawili nao wanacho.

Basi tuanze. Weka karibu yako sabuni na maji, rula au sarafu, kipande cha pamba, kalamu na karatasi. Nawa mikono kabla ya kugusa ngozi ya mtu, na unawe tena ukimaliza.

Hatua ya kwanza ni mwangaza. Mtoe mgonjwa chumbani, mkae mlangoni au barazani, jua liwaangazie kwa ubavuni. Tazama mkono wangu huu: mwanga ukipiga kwa mbele, vipele havionekani, nikigeuka upande, kila kilichoinuka kinatoa kivuli chake.

Hapa nataka tusimame kidogo. Karatasi ya spitali ikiandikwa erithema, maana yake ni wekundu wa ngozi. Lakini ngozi zetu nyingi haziwi nyekundu. Huwa nyeusi zaidi, au rangi ya zambarau, au kahawia ya kuiva. Kwa hiyo usiseme "hakuna wekundu, hapana neno". Weka mgongo wa mkono wako juu ya pahala panapouma, kisha uuweke upande wa pili wa mwili, mahala pale pale. Ukihisi joto upande mmoja, au ngozi imekaza na kuvimba, mwambie daktari hivyo hivyo.

Hatua ya pili: fumba macho, upitishe kidole polepole. Je, kipo kilichoinuka? Kama hakuna, hilo ni doa, na likiwa kubwa ni baka. Kama kidole kimekwama juu ya kitu kidogo kigumu, hicho ni kipele. Kikiwa kikubwa na kimezama ndani ya nyama, sema kinundu. Madaktari doa huliita makula, kipele papula na kinundu nodula. Mpaka wao huwa karibu na sentimita 1. Sisi tutumie vipimo vya jikoni: "kama choroko", "kama kunde", "kama punje ya mchele". Daktari ataelewa. Ukisema "kidogo" tu, kidogo chako na kidogo chake si kimoja.

Hatua ya tatu, tazama kilichomo ndani. Maji meupe safi: lengelenge. Usaha: kipele cha usaha, na kikizama kikapiga moto na kutunga, ndilo jipu. Jipu usilikamue, hasa la usoni. Kitambaa safi kilichochovywa maji ya moto yanayovumilika, dakika 10 hivi, mara tatu au nne kwa siku, hulisaidia kuiva lenyewe.

Tetekuwanga utaijua kwa jambo moja: kifuani pa mtoto mmoja, siku moja, utaona doa, kipele, lengelenge na kigaga kikavu, vyote pamoja, kwa sababu hutoka kwa mafungu. Kirusi chake hakiondoki mwilini baada ya kupona. Hulala kwenye mishipa ya fahamu, na miaka mingi baadaye huweza kuamka kama mkanda wa jeshi: malengelenge yaliyojipanga upande mmoja wa mwili, yanasimama katikati na hayavuki. Maumivu hutangulia, kama moto chini ya ngozi. Ukiuona mkanda wa jeshi usingoje Jumatatu. Dawa yake hufanya kazi vyema ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutoka, na ukiwa karibu na jicho, nenda siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne ni juu ya ngozi penyewe. Kwangua taratibu kwa ukucha. Je, yanatoka magamba? Kuna kigaga? Kuna nyufa? Choa kina magamba ukingoni, ukingo umeinuka, na katikati pamesafika kama pete. Kikiwa kichwani, nywele hukatika au kunyonyoka, na wengi tunakiita punye au mashilingi. Tofauti hiyo ni kubwa. Choa cha mwilini dawa ya fangasi ya kupaka inakitosha, lakini cha kichwani kinataka vidonge, kwa kuwa mafuta hayafiki kwenye shina la unywele. Ndiyo maana mtoto anapakwa mwaka mzima, anarudi chuoni kusoma Kurani, anakaa mkeka mmoja na wenziwe, na punye haiondoki.

Na ninakuombeni sana kuhusu zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila cheti, zenye steroidi ndani, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Ukipaka choa kwa steroidi, muwasho hupoa siku mbili tatu, unafurahi. Chini yake fangasi anatambaa, pete inapotea sura, na hata sisi wa spitali tunashindwa kukitambua. Kama umeshapaka, usifiche. Lete boksi lake.

Hatua ya tano: iulize ngozi inahisi nini. Inawasha? Inauma? Au haihisi kitu?

Muwasho kwanza. Upele wenyewe, ule wa haki ya jina, unaletwa na utitiri, mdudu asiyeonekana vizuri kwa jicho. Jike huchimba njia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Muwasho wake huzidi usiku. Tazama baina ya vidole, vifundo vya mikono, makwapa, kiunoni panapokaa mkanda, chuchu za kina mama na sehemu za siri za wanaume. Kwa mtu anayeupata mara ya kwanza, muwasho huchelewa wiki 4 hadi 6. Yaani wewe unajikuna, mumeo hajikuni, na bado anao. Kwa hiyo watu wote wa nyumba wapakwe siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko siku tatu au zaidi. Wazee wenzangu watakumbuka tangu 2001 tulipoanza kugaiwa vidonge vya matende: mojawapo ya dawa zile, aivamektini, huua na utitiri, na upele visiwani ulipungua sana.

Harara ni nyengine. Vipele vidogo sana, shingoni na mgongoni, hasa kipindi cha kaskazi tunapochomeka kwa joto. Jasho limezibiwa njia. Maji ya baridi, nguo nyepesi na hewa, basi. Pumu ya ngozi ndiyo ukurutu: ngozi kavu, inawasha, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na mara nyingi nyumbani yupo mwenye pumu ya kifua au mafua ya vumbi. Na ukijikuna mara tu baada ya kutoka kwenye maji ya bondeni au mtoni, taja maji hayo, kwa sababu vijidudu vya kichocho hupenya kwa ngozi, na muwasho huo huwa ndiyo alama yao ya mwanzo. Kina mama wa mwani pia, msiseme "mikono inawasha" mkaishia hapo. Semeni mnashinda saa ngapi kwenye maji ya chumvi na jua.

Sasa ganzi, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Mabaka yaliyofifia rangi ni ya namna nyingi, na watu huyachanganya, wengine wakaogopa bure, wengine wasiogope pale wanapopaswa. Mba huwa meupe kidogo, kifuani na mgongoni, na ukikwangua hutoka unga mwembamba. Mbalanga ni meupe hasa, kama chokaa, hayana magamba, na hisia ipo. Mbalanga haiambukizi, kula naye, lala naye, mpe mwanao ambebe. Watoto wengi wana mabaka mepesi makavu mashavuni ambayo watu huyaita minyoo. Mara nyingi ni ukavu wa ngozi tu, na mafuta ya kupaka yanasaidia.

Baka la ukoma limefifia au lina wekundu wa shaba, haliwashi, mara nyingi halitoi jasho, na limekufa ganzi. Chukua pamba, isokote ncha. Mgonjwa afumbe macho. Anza kumgusa pahala pazima, aonyeshe kwa kidole ulipogusa, ili aelewe. Kisha gusa katikati ya baka. Akikosa, akakosa tena, mpeleke kituo cha afya. Usimwambie jirani. Ukoma ni bakteria tu, aliyegunduliwa na daktari Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, na dawa yake ipo na hutolewa bure: miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, miezi 12 kwa mwenye mengi. Akishaanza dawa hawaambukizi wenziwe. Kinachomlemaza mtu ni kuchelewa, mishipa ya fahamu ikaharibika, akaungua mkono jikoni bila kujua.

Tupite haraka kwenye maneno ya karatasi. "Dema" ni ngozi kwa Kigiriki. Neno likiishia na "-itisi" lina maana ya uvimbe wenye moto. Basi dematitisi ni ngozi iliyovimba ikachoma, na ukurutu umo humo. "Pio" ni usaha, hivyo pioderma ni ngozi yenye usaha. Epidemisi ni tabaka la juu, linalojibadilisha karibu kila mwezi, na demisi ni la chini yake. Hili lina faida: ukichubuka epidemisi peke yake, unapona bila kovu. Kidonda kikifika demisi, kovu hubaki. Kovu likifura na kupita mipaka ya kidonda chenyewe, hiyo ni keloidi, na kulikata ovyo hulifanya lirudi kubwa zaidi.

Kabla ya hatua ya mwisho, yapo mambo ambayo huandiki wala hupigi picha, unakwenda spitali saa hiyo hiyo. Mtu ametumia dawa mpya, hasa za salfa, ngozi ikaanza kubabuka huku macho yamewiva na mdomo una vidonda: asimeze kidonge chengine, abebe na pakiti ya dawa. Homa pamoja na madoa yasiyofifia ukiyabonyeza. Uvimbe wa midomo na ulimi na pumzi za shida. Mguu uliovimba, una moto, na uvimbe unapanda kwa saa.

Hatua ya sita: andika. Umri, pahala, lini kilianza na kilivyoanza, umbo, ukubwa, kinavyohisi, nani mwengine anacho, na ulichokwisha kupaka. Ukipiga picha, piga mbili: moja kwa mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, moja kwa karibu na sarafu pembeni. Picha ya mtoto mpelekee daktari peke yake, si kundi la familia.

Hii hapa karatasi niliyomwandikia bibi wa yule mwana wa dada yangu, nikamwambia apige simu Unguja upya, aisome kama kwamba ndiyo mara ya kwanza: "Mtoto ana miaka 7. Ana baka moja mgongoni, la mviringo, kubwa kuliko sarafu. Ukingo umeinuka na una magamba, katikati pamesafika. Linawasha mchana na usiku. Lilianza kama choroko wiki mbili nyuma. Mwenziwe wa chuoni ana punye. Tumepaka mafuta ya nazi tu."

Akaisoma polepole, na baba wa mtoto, upande wa pili wa simu, akasema, "Mama, hicho choa."