Anunnaki, Nibiru na Kiama Ambacho Wasumeri Hawakukitabiri

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mmeshatumiwa zile video zinazodai kwamba miungu wa Sumeri (nchi ya kale kusini mwa Mesopotamia, Iraki ya leo), Anunnaki, walikuwa wanaanga kutoka sayari nyingine, na kwamba sayari hiyo inarudi kuiangamiza dunia. Leo naomba tuvisome vibao vyenyewe vya udongo walivyoandikia, maana Wasumeri wanasingiziwa.

Mwaka 1976 Zecharia Sitchin, mwandishi mzaliwa wa Baku aliyeishi New York, alichapisha kitabu akidai ipo sayari iitwayo Nibiru inayolizunguka jua kwa miaka 3,600. Wakazi wake walitua hapa kutafuta dhahabu, wakachoka kuchimba, wakamtengeneza binadamu awe kibarua wao. Machimbo yenyewe aliyaweka kusini-mashariki mwa Afrika. Hapo lazima tutue. Great Zimbabwe nayo, yale magofu ya mji wa mawe, tangu mpelelezi Mjerumani Carl Mauch alipoifikia mwaka 1871, ilitafutiwa wajenzi kila pembe isipokuwa kwa wenyeji, hadi mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alipochimbua mwaka 1929 na kuthibitisha ni kazi ya Waafrika. Wasumeri wanafanyiwa yale yale.

Ushahidi unaoonyeshwa sana ni mhuri mdogo uliohifadhiwa Berlin, namba VA 243. Umechongwa mungu aliyeketi, watu wamesimama mbele yake, na juu kuna nyota iliyozungukwa na nukta kumi na moja. Sitchin alisema nyota hiyo ni jua, nukta ni sayari. Lakini maandishi ya mhuri huo yanasomeka: ni majina ya watu, bwana na mtumishi wake, kama kwenye mihuri mingi ya enzi hizo. Hakuna sayari inayotajwa. Tena wachongaji wa Mesopotamia walikuwa na alama yao ya jua, duara lenye ncha nne na miali ya mawimbi, na hii siyo. Jina Nibiru lipo kwenye vibao, ila ni nyota ya Marduk, mungu mkuu wa Babeli, na mara nyingi ni sayari ya Mshtarii (Jupita).

Kuhusu kuumbwa kwa mtu, tuna kisa cha Atrahasis, kilichonakiliwa katika nchi ya Babeli karne ya 17 K.K. Miungu wadogo ndio waliokuwa wakichimba mifereji na kubeba vikapu vya udongo. Usiku mmoja wakazichoma moto zana zao, wakaizingira nyumba ya Enlil, mkuu wao, naye akatokwa machozi. Ikaamuliwa mungu mmoja achinjwe, damu na nyama yake zichanganywe na udongo, apatikane mtu wa kuibeba kazi ile. Machimbo ya dhahabu hayamo. Upo mfereji, kwa sababu kule kwenye tambarare za Hidekeli na Frati mvua haitoshi, na mfereji ukijaa tope watu hawavuni. Mtunzi huyu aliwajua vibarua.

Kiama kiliongezwa baadaye, tena Marekani. Mwaka 1995 Nancy Lieder wa Wisconsin alisema ameambiwa na viumbe wa anga kwamba sayari kubwa, ambayo baadaye ilihusishwa na Nibiru, ingeipitia dunia Mei 2003. Mei ikapita. Tarehe ikasogezwa hadi 21 Desemba 2012. Sitchin mwenyewe alijitenga na madai hayo; kwa hesabu yake Nibiru ingerudi karibu mwaka 2900. David Morrison, mwanaastronomia wa NASA, alipokea barua pepe kwa maelfu, nyingine za vijana waliouliza kama wajiue kabla siku haijafika. Hilo linaniuma sana, kwa sababu sayari ya ukubwa huo ingekuwa njiani, kila mtu angeiona kwa macho yake.

Wasumeri walikuwa na maangamizi, ila waliyasimulia kama mambo yaliyokwisha kutokea: gharika, na kuanguka kwa mji wao wa Ur mikononi mwa Waelamu, watu wa Iran ya leo, karibu mwaka 2000 K.K. Katika maombolezo ya Ur, mungu wa kike Ningal anawasihi miungu wakuu An na Enlil wasiuangamize mji wake, hawamsikii. Maiti zinarundikana kwenye njia ambako watu walikuwa wakikusanyika kwa sherehe. Mshairi anamaliza kwa kumwomba Nanna, mungu wa mwezi, mji wake urejeshwe.