Tandiko la Kitanda Lenye Matamvua

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Hamisi, na leo tumekaa uani kwangu hapa Tanga. Mkisikia kuku, ni wa jirani.

HAMISI: Asante dada. Wiki iliyopita uliniachia kazi, na imenisumbua kweli.

ZUHURA: Waambie kazi yenyewe.

HAMISI: Nichague mpiga picha mmoja ninayemhusudu, nimtazame yeye tu siku saba. Nikamchagua Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Siku ya kwanza nilizimaliza picha zake kwa nusu saa, nikaona basi, nimemjua. Watu wamevaa wakapendeza, wamekaa, wamesimama. Siku ya tatu ndipo nilipoanza kujiuliza: mbona nyuso zinatoka namna hii?

ZUHURA: Zinatokaje?

HAMISI: Chukua zile picha za akina mama. Gauni la marembo, nyuma yake pazia la marembo, na pengine chini kitambaa cha drafti. Sisi tulifundishwa mteja akija na nguo ya maua umweke mbele ya pazia jeupe. Yeye anapambanisha ua na ua! Na bado jicho linakwenda usoni moja kwa moja, kwa sababu ngozi ndiyo kitu pekee kisicho na marembo kwenye picha nzima. Uso na mikono, basi. Nililiwaza hilo hadi chai ikapoa.

ZUHURA: Na pazia lake la kwanza unajua lilikuwa nini.

HAMISI: Tandiko la kitanda chake mwenyewe! Lina matamvua, ukichungulia unayaona. Studio aliifungua mwaka 1948, akatundika tandiko uani, akaanza kazi. Baadaye akawa analibadilisha pazia kila baada ya miaka michache, hata akawa anaijua picha ni ya kipindi gani kwa kutazama pazia lililo nyuma.

ZUHURA: Mimi huwa nasikitika watu wakisema "alikuwa na kipaji" halafu wakanyamaza. Huyu hakusoma shule, alianzia useremala. Mjomba wake alirudi kutoka Senegal mwaka 1935 na kamera ndogo ya boksi, akampa. Kusafisha picha akajifunza kwa mpiga picha Mountaga Dembélé, palepale Bamako. Halafu kuna jambo la gharama. Kamera yake kubwa ilitumia filamu za bapa za sentimita 13 kwa 18, na filamu ni pesa. Kwa hiyo mara nyingi alipiga mara moja tu.

HAMISI: Moja! Mimi harusi moja narudi na picha elfu mbili.

ZUHURA: Basi ona inavyombadilisha mtu. Kazi yote inafanyika kabla hujabonyeza. Bega unaligeuza kidogo, kidevu unakiinua, mkono unautafutia mahali pa kutulia. Yule kijana wa koti jeupe na miwani, ameshika ua moja. Tazama vidole vyake. Vile vidole vilipangwa.

HAMISI: Lakini dada, kuna kitu kinanitatiza. Nikimwiga hivyo, si ninamwibia?

ZUHURA: Marehemu baba alikuwa fundi cherehani. Mwanafunzi akija, haanzi kushona, anaanza kufumua. Anapewa suruali kuukuu iliyoshonwa na fundi mwingine, anaifumua uzi kwa uzi aone mfuko ulivyoungwa, kisha anairudisha. Mwenye kuiba ni yule anayekata lebo akabandika yake. Wewe siku saba hizo ulikuwa unafumua.

HAMISI: Hapo nimekuelewa. Maana vijana wengi wanachukua rangi tu. Wanageuza picha iwe nyeusi na nyeupe, wanaweka redio ya zamani pembeni, wanaona wamefika.

ZUHURA: Wamechukua kifungo, suruali wameiacha. Mimi nilichukua masharti yake matatu: uani, kitambaa cha nyumbani, picha moja. Tandiko la maana sina, nikatundika kanga. Akaja bibi mmoja wa mtaa huu, nikamkalisha. Akageuka, akasoma jina la kanga, akainuka. "Mjukuu wangu, haya maneno si yangu." Akaenda kwake, akarudi na doti nyingine.

HAMISI: Iliandikwaje?

ZUHURA: "Wema hauozi." Ndipo akakaa akatulia. Hamisi, nilishtuka! Pazia la Keïta linapendezesha, lakini halisemi neno. Kanga inasema, na mteja anajua inasema nini juu yake. Hilo nisingelipata Bamako, lakini bila Bamako nisingetundika kanga.

HAMISI: Na maandishi yalionekana? Maana jina liko chini, karibu na pindo.

ZUHURA: Nilihangaika. Ikining'inia kawaida, mtu anakaa juu ya maneno. Nikaipandisha mpaka jina likapita juu ya kichwa, nusu ya kanga nikaikunjia nyuma ya kamba. Nikabana lenzi kidogo, yaani nikapunguza tundu la kuingizia mwanga, ili herufi zisififie. Saa tatu asubuhi, jua halijaingia uani, kivuli ni laini. Nikabonyeza mara moja, mkono unatetemeka.

HAMISI: Mimi nilijaribu moja nikapiga nne.

ZUHURA: Utapungua.

HAMISI: Kuna msikilizaji atauliza, mbona mpaka Mali? Zanzibar hapo, Mji Mkongwe, kuna Capital Art Studio ya familia ya Oza, tangu 1930.

ZUHURA: Ana haki ya kuuliza, na tutakwenda. Wewe wiki hii shika Malick Sidibé, mpiga picha mwingine wa Bamako hiyohiyo. Usiku alikuwa akizunguka kwenye madansi ya vijana, akisafisha picha hadi alfajiri, halafu akizibandika nje ya studio waje wajitafute. Na ndiye aliyeonyesha njia ya kumfikia Keïta.

HAMISI: Kivipi?

ZUHURA: Mwaka 1991 picha za Keïta zilionyeshwa New York, lakini jina la mpiga picha halikuwepo. Mpiga picha hajulikani! Na mwenyewe wakati huo alikuwa hai, yuko Bamako, na negativu zake, zile filamu za kuchapia picha, kwa maelfu kazitunza. Mfaransa aitwaye André Magnin akasafiri kumtafuta. Akamuuliza Sidibé, na Sidibé akampeleka.

HAMISI: Kumbe! Na waliopigwa, wale akina mama, majina yao?

ZUHURA: Wengi hatuyajui. Hilo limeniuma kuliko yote. Kwa hiyo ile picha ya bibi nimeichapisha, na nyuma nimeandika kwa kalamu: jina lake kamili, jina la baba yake, tarehe, saa, na mtaa. Na jina la kanga.

HAMISI: Iko ndani? Ilete niione.