Nchi Iliyopakana na Pepo

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu na wanafunzi, karibuni.

Nilipokuwa kidato cha nne tuligawiwa karatasi yenye safu mbili. Kushoto: Kusadikika, Majivuno, Karama. Kulia: Tanganyika, mkoloni, mpigania haki. Tukaikariri, tukaimwaga kwenye mtihani, tukapata alama. Kitabu chenyewe, riwaya ya Kusadikika, nilikuja kukisoma mwanzo hadi mwisho nikiwa mtu mzima, na iliniuma kuona nilichonyimwa. Karatasi ile bado inazunguka madarasani, siku hizi ikiitwa mwongozo, na ndiyo iliyonileta mbele yenu kuzungumza juu ya riwaya za kistiara, zile zinazosema jambo moja kwa sura ya jambo jingine.

Tuanze na nchi yenyewe. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Nchi hiyo iko angani, na mipaka yake ni pepo zivumazo: kaskazi, kusi, matlai ya mashariki na umande wa magharibi. Tusimame hapo kidogo. Pepo hizi hakuzibuni. Nahodha yeyote wa Tanga au Pangani anazijua kwa majina. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Mwandishi alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni. Kazi ya mtu wa forodha ni mpaka: nini kimeingia, nini kimetoka, ushuru umelipwa au haujalipwa. Karani huyo anatuchorea nchi ambayo mpaka wake ni upepo mtupu! Ukiandika "Kusadikika ni Tanganyika" ukafunga kitabu, yote hayo yamekupita.

Sasa jiulizeni: nchi isiyo na ardhi chini yake, watu wake wamesimama juu ya nini? Kosa ambalo Waziri Majivuno alimpelekea Karama mahakamani ni kutaka elimu ya sheria ienezwe. Mimi nayasoma mambo haya mawili kwa pamoja. Mahali ambapo neno la waziri linatosha kumfunga mtu, raia hana pa kukanyaga. Anaelea tu, akingoja upepo wa siku hiyo utavuma kutoka wapi. Hilo mwandishi hakuliandika kama hoja. Alilijenga likawa nchi, akatuweka ndani yake.

Na tazameni Karama anavyojitetea. Anasimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa pande zote nne, wengine mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo. Mshtakiwa anatumia hadithi kama ngao, ndani ya hadithi ambayo nayo ni ngao ya aliyeiandika. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilikuwa bado haijazaliwa. Ilikuja mwaka 1954. Karani wa serikali angesema wapi, na kwa mdomo gani? Wahenga walikwisha kusema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Pwani fumbo ni silaha ya zamani, washairi waliitumia kurushiana maneno kabla ya Mwingereza kufika.

Kuna jambo moja linalonisumbua katika riwaya hii ninayoipenda. Majina yake yamefunga milango. Anayeitwa Majivuno hawezi kuamka asubuhi moja akiwa mnyenyekevu. Lakini jina hilohilo ndilo linalokiokoa kitabu, kwa sababu linataja tabia wala halimtaji mtu. Kama Majivuno angekuwa gavana fulani, kitabu kingekufa tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliposhushwa. Hakikufa. Majivuno alibaki ofisini, na baadhi yetu humu tumewahi kukaa kwenye kiti chake, mbele ya wanafunzi, tukimnyamazisha aliyeuliza swali zuri.

Aliyelishika jambo hili kwa nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni Katama Mkangi wa Kenya. Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini. Mwaka 1995 akachapisha riwaya aliyoiita Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo na kujikuta katika nchi nyingine kabisa. Litamkeni jina la nchi hiyo polepole: wale, ni, sisi. Miaka mingi nilidhani ni jina zuri tu la kigeni, mpaka siku moja nilipolisoma kwa sauti nikajisikia naitwa. Ile karatasi ya safu mbili imechanwa hapo. "Wale" wa kushoto na "sisi" wa kulia wameshonwa neno moja, na uzi wenyewe ni kineno kidogo "ni".

Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alikwenda mbali kuliko wote katika Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba ambavyo havikuachii ufunguo wowote mlangoni. Hivyo vinataka siku yake.

Sasa naomba mfungue Kusadikika pale Majivuno anapotoa mashtaka. Kalamu ziwekeni chini, msiandike chochote pembeni mwa ukurasa. Atakayekuwa tayari kutusomea kwa sauti ainue mkono.