Sikio la Mbwa Linanuka: Usikimbilie Matone

NEEMA: Karibuni tena. Kuna msikilizaji wetu wa Tabata, mbwa wake anatikisa kichwa usiku kucha na masikio yananuka. Kaenda dukani kapewa matone, mbwa akapata nafuu, baada ya muda mfupi hali ikarudi ileile. Daktari, hapo vipi?

DK. JUMA: Kwanza ningetaka kujua matone yenyewe yana nini. Mengine yana antibayotiki na steroidi basi. Sasa mbwa mwenye fangasi ukimtilia hayo, steroidi itatuliza muwasho, atalala vizuri, nawe utasema amepona. Fangasi hawajaguswa hata kidogo!

NEEMA: Ee! Na hao fangasi kawatoa wapi?

DK. JUMA: Anao siku zote. Wanaitwa Malassezia, wanaishi kwenye ngozi ya mbwa mzima bila shida. Sikio likipata unyevu, joto na nta nyingi, ndipo wanazaana kupita kiasi. Na jiji letu hili la Dar es Salaam unalijua, masika yakianza Machi hata taulo halikauki. Ongeza mbwa wa masikio ya kulala anayepelekwa Coco Beach kila Jumapili.

NEEMA: Mimi nikiona nta ya kahawia inayonata, na ile harufu ya kitu kilichochacha, nasema ni fangasi tu.

DK. JUMA: Unaweza ukapatia, dada Neema, ila usitibu kwa pua. Utitiri wa masikio nao unawasha, hasa kwa watoto wa mbwa, uchafu wake mweusi wa chengachenga. Bakteria nao wapo, na mara nyingi wanakaa pamoja na fangasi. Daktari anachukua uchafu kwa kijiti cha pamba, anauviringisha kwenye kioo, anatia rangi, anaweka kwenye hadubini. Dakika chache tu. Malassezia hawafichiki: seli imebanwa katikati, ganda la karanga kabisa.

NEEMA: Na hicho kijiti nyumbani?

DK. JUMA: Hapana, hapana! Njia ya sikio la mbwa inashuka chini kisha inakata kona kuingia ndani. Wewe ukichokonoa unasindilia uchafu kwenye kona. Na kabla ya kutia chochote, daktari achungulie ngoma ya sikio. Ikiwa imetoboka, baadhi ya dawa, gentamisini mojawapo, zinaweza kumharibia usikivu.

NEEMA: Haya, ngoma nzima. Tunatibuje?

DK. JUMA: Kusafisha kwanza, maana dawa haipiti kwenye nta. Jaza dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, kanda chini ya sikio mpaka usikie inachurukachuruka, muache ajitikise, simama mbali na ukuta mweupe, kisha futa sehemu unayoiona tu. Ndipo matone yenye dawa ya fangasi: klotrimazoli, mikonazoli au nistatini. Kwa kawaida wiki mbili hadi nne, halafu urudi uchafu upimwe tena. Watu wanakatisha harufu ikiisha, hapo ndipo wanaponiudhi.

NEEMA: Mama mmoja aliniambia yeye anatia mafuta ya nazi.

DK. JUMA: Fangasi hawa wanapenda mafuta, kwa hiyo anawaandalia. Spiriti nayo kwenye kidonda inaunguza, siku ya pili mbwa hakubali umguse.

NEEMA: Na ikirudi kila miezi michache?

DK. JUMA: Basi tatizo haliko sikioni. Mara nyingi ni aleji, ya chakula au ya vumbi na chavua. Muulize msikilizaji wetu: mbwa anajilamba miguu? Anajikuna kwapani? Kama ndiyo, daktari wa mifugo aangalie ngozi yote. Na asingoje, kwa sababu kutikisa kichwa kwa nguvu kunapasua mishipa ya damu, sikio linavimba likijaa damu, na hapo mara nyingi tunaishia kwenye upasuaji.